Kabla Hujang'oa Pikapu za Gitaa Lako

Swali ninaloulizwa kuliko yote kwenye meza yangu ya ufundi ni hili: "Fundi, niweke pikapu gani?" Pikapu ni kile kifaa kilicho chini ya nyuzi za gitaa la umeme kinachogeuza mtetemo wake kuwa umeme. Mara nyingi mwenye gitaa ameshachagua. Ametazama video, ameona namba kubwa kwenye maelezo ya muuzaji, na kwangu anataka baraka tu. Mimi namrudishia swali: gitaa linakukera nini? "Halina nguvu" si jibu la kutosha. Nyuzi nyembamba zinachoma masikio? Nyuzi nene zinavurugika ukitia distosheni? Pikapu ya shingoni inaimeza ya nyuma? Au ni ule mvumo wa umeme unaozidi ukisogelea taa? Kila tatizo hapo lina dawa yake, na baadhi ya dawa hizo hazihitaji kununua kitu.

Dawa ya kwanza ni bisibisi. Sumaku ya pikapu huutia usumaku uzi wa chuma ulio juu yake. Uzi ukitetema, uga wa sumaku unatikisika, na koili ya waya iliyouzunguka inazaa volteji ndogo inayofuata mtetemo huo. Ni kanuni aliyoionyesha Michael Faraday mwaka 1831, na hadi leo haijabadilika. Kwa kuwa uga hufifia haraka kadiri unavyoondoka kwenye sumaku, nusu milimita ya kupandisha au kushusha pikapu inasikika waziwazi. Kuna watu wamepiga gitaa miaka na miaka bila kugusa zile skrubu mbili za pembeni.

Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho, kisha pima kutoka chini ya uzi hadi juu ya pikapu. Kwa gitaa la aina ya Stratocaster, la kampuni ya Fender, lenye pikapu za mtindo wa zamani, anza na milimita 2.4 upande wa uzi mnene na 2 upande wa uzi mwembamba. Kwa gitaa la mtindo wa Gibson, anza na 2.4 shingoni na 1.6 nyuma. Hapo ni pa kuanzia tu, sikio ndilo litakaloamua. Ya nyuma hukaa karibu zaidi kwa sababu karibu na briji, pale nyuzi zinapokalia kwenye mwili wa gitaa, uzi hautetemi kwa upana mkubwa. Shingoni unayumba sana, na ndiyo maana pikapu ya huko, ukiipandisha bila kipimo, huifunika ya nyuma.

Pikapu za koili moja zenye ncha za sumaku zina balaa lao. Zikikaa juu mno, sumaku huvuta uzi wenyewe. Piga uzi wa sita kuanzia freti ya 12 kwenda juu: noti inayumba, unasikia noti mbili zikigombana, na hata uirekebishe vipi kwenye briji haitulii. Nimeletewa magitaa ya namna hiyo yakiwa na ombi la pikapu mpya, yakaondoka na zilezile, zimeshushwa milimita moja.

Ukishajaribu urefu, nyuzi mpya na kebo nyingine, na bado gitaa halisemi unachotaka, sasa tuzungumze manunuzi.

Namba inayowapoteza wengi ni ukinzani, zile kilo-omu zinazoandikwa kwenye kasha. Pikapu ya Stratocaster ya kawaida huwa karibu na kilo-omu 6, hambaka (pikapu ya koili mbili zinazofuta mvumo) ya mtindo wa zamani 7.5 hadi 8.5, na zile "kali" hufika 13, 16 na zaidi. Mtu anahitimisha kwamba 16 ina nguvu mara mbili ya 8. Sivyo. Ukinzani unakuambia urefu na unene wa waya, basi. Chukua pikapu ya shingoni ya Telecaster, gitaa jingine la Fender: kwa kawaida husukwa kwa waya namba 43, mwembamba kuliko namba 42 wa pikapu nyingi. Waya mwembamba una ukinzani mkubwa zaidi kwa urefu uleule. Kwa hiyo mita itakuonyesha kilo-omu nyingi kuliko za Stratocaster, ilhali ukizipiga, hiyo ya Telecaster ni ya upole kabisa. Kulinganisha kilo-omu kuna maana pale tu ambapo aina ya waya, sumaku na umbo vinafanana.

Namba ninayoitafuta mimi ni induktansi, inayopimwa kwa henri. Watengenezaji makini huiandika. Induktansi ya pikapu ikishirikiana na kapasitansi ya kebo, yaani uwezo wake wa kuhifadhi chaji, hutengeneza kilele: masafa fulani yanapazwa, na juu yake sauti inaporomoka. Mahali kilele kilipo ndipo tabia ya pikapu ilipo. Kebo nyingi zina takriban pikofaradi 100 kwa kila mita, hivyo kebo ya mita 6 ni kama 600, na ongeza 100 za koili yenyewe na nyaya za ndani. Pikapu ya koili moja yenye henri 2.2 hapo itakuwa na kilele karibu na hertz 4,000, ndiyo ile sauti ya kioo. Hambaka ya henri 4.5 inashuka hadi karibu 2,800. Hambaka kali ya henri 8 inaangukia kama 2,100, na kila kitu kilicho juu ya hapo kinazimika. Ndiyo maana mtu anaweka pikapu "yenye nguvu" halafu analalamika gitaa limekuwa na mafua.

Hesabu hiyohiyo inakuonyesha kwamba kebo fupi ni badiliko la kweli. Ile koili moja ukiipa kebo ya mita 3, kilele kinapanda hadi juu ya 5,000. Mwenye gitaa linalochoma masikio anaweza kutumia kebo ndefu zaidi, akapata ulaini bila kufungua hata skrubu moja.

Poti, vile vizungusho vya volyumu na toni, nazo zimo katika hesabu hii. Desturi ni kilo-omu 250 kwa koili moja na 500 kwa hambaka. Poti ndogo hukikandamiza kilele, kubwa hukiacha kisimame. Hambaka iliyofungwa kwenye poti za 250 itasikika imefunikwa blanketi, na lawama zote ataangushiwa mtengenezaji wa pikapu. Poti halisi pia hazilingani na namba iliyoandikwa, kwa hiyo zipime kwa mita kabla ya kuzilehemu. Kapasita ya toni, iwe ya mikrofaradi 0.022 au 0.047, haisikiki sana mpaka uizungushe toni chini. Isikukoseshe usingizi.

Sumaku tuipitie haraka. Alniko ni aloi ya alumini, nikeli na kobalti pamoja na chuma. Ya namba 5 ina nguvu, besi yake imekaza na nyuzi nyembamba zinang'aa. Ya namba 2 ni dhaifu na laini zaidi. Seramiki inasemwa vibaya kupita kiasi: huwekwa kwenye pikapu zilizosukwa waya mwingi, kisha ukali wa waya huo ikasingiziwa sumaku. Nimesikia pikapu za seramiki tamu sana.

Kama shida yako ni mvumo, hakuna aina ya koili moja ya kawaida itakayouondoa. Utahitaji hambaka, au pikapu ya koili mbili zilizopangwa juu na chini ndani ya umbo la koili moja. Hambaka ilibuniwa na Seth Lover akiwa kampuni ya Gibson: koili mbili zenye sumaku zinazoelekea pande tofauti na waya uliosukwa kinyume, hivyo mvumo unaingia kwa ishara kinyume na kujifuta, huku sauti ya nyuzi ikijumlishwa. Aliomba hataza mwaka 1955, ikatolewa 1959, na za kipindi hicho zilibandikwa kibandiko cha kutangaza kwamba hataza imeombwa. Ndizo hizo PAF ("Patent Applied For") zinazotajwa kwa heshima. Cha kuchekesha, namba ya hataza iliyochapwa kwenye vibandiko vilivyofuata haikuwa ya hambaka kabisa. Ilikuwa ya kishikio cha nyuzi cha mpiga gitaa Les Paul. Mizunguko ya waya kwenye PAF nayo ilipishana kati ya pikapu na pikapu, kwa hiyo muuzaji akikuahidi "sauti halisi ya PAF", una haki ya kumuuliza ni ipi.

Kuhusu ukali, kumbuka ulitoka wapi. DiMarzio, watengenezaji wa pikapu, walipoleta hambaka yao ya Super Distortion mwaka 1972, wapiga gitaa walihitaji kitu cha kuisukuma amplifaya ya valvu mpaka ikoromee, kwa kuwa amplifaya nyingi hazikufanya hivyo zenyewe. Leo ukali umejaa kwenye pedali na amplifaya. Wengi wanaoniomba pikapu kali nawapeleka kwenye ya wastani, kwani ukali unaweza kuuongeza mbele ya safari, lakini uwazi uliopotea kwenye koili haurudi.

Ukitaka pikapu zenye betri, mfano EMG, jua unabadili mfumo mzima: betri ya volti 9 inahitaji mahali pa kukaa, poti ziwe za kilo-omu 25, na jeki iwe ya stirio ili kebo ikichomekwa ndipo betri iwake. Ukiziachia poti za 500, volyumu itafanya kazi kama swichi ya kuwasha na kuzima.

Pima pia nafasi. Kwenye hambaka, umbali wa skrubu ya uzi wa kwanza hadi wa sita ni karibu milimita 50 kwa magitaa ya mtindo wa Gibson, na 52 hadi 53 kwa briji za mtindo wa Fender. Usipolinganisha, uzi wa kwanza na wa sita zitapita nje ya skrubu. Kwa sikio tofauti ni ndogo kuliko inavyosemwa, ila jicho litakusumbua kila siku. Angalia na kina cha shimo, maana miguu ya baadhi ya pikapu ni mirefu. Gitaa lenye matundu ya koili moja usilichimbe mbao ili hambaka iingie. Zipo hambaka za umbo dogo, na mbao iliyochimbwa imechimbwa.

Sasa kazi yenyewe. Piga picha ya nyaya zote kabla hujagusa. Tandika kitambaa juu ya gitaa, kwa sababu tone moja la risasi ya kulehemia huharibu rangi palepale. Chuma cha kulehemu kiwe cha wati 40 hadi 60. Chenye wati chache kuliko hizo hakiupashi mgongo wa poti kwa haraka, unakaa umekigandamiza hadi poti inaungua ndani. Kwangua mgongo kwa msasa, pasha sekunde chache, lisha risasi, ondoa chuma, na usitikise waya mpaka risasi igande.

Rangi za nyaya hazina sheria moja. Kwenye hambaka ya Seymour Duncan yenye nyaya nne, mweusi ndio wa moto (unaobeba sauti), mwekundu na mweupe huunganishwa pamoja, kijani na ule mtupu huenda ethi. Kwa DiMarzio wa moto ni mwekundu, na wanaounganishwa ni mweusi na mweupe. Ukiifunga DiMarzio kwa mchoro wa Duncan, koili moja inageuka kinyume: sauti ya nyuzi inajikata, inabaki nyembamba kama ya redio ya mfukoni, na mvumo uliolipia kuondoa unarudi wote.

Ndiyo maana kabla ya kulehemu pikapu mpya pembeni mwa ya zamani, najaribu mwelekeo. Naunganisha waya wa moto kwenye kidole chekundu cha mita na wa ethi kwenye cheusi, naweka milivolti za mkondo mnyoofu, kisha nalaza bisibisi ya chuma juu ya pikapu. Sumaku inaikamata. Naing'oa kwa ghafla na kuangalia ishara inayotokea kwanza, kama ni chanya au hasi. Mita ya mshale inaonyesha vizuri zaidi, mshale unaruka upande mmoja. Nafanya hivyohivyo kwa pikapu nyingine. Zikiruka upande mmoja, zitaelewana zikipigwa pamoja. Zikipingana, kwenye koili moja badilishana nyaya mbili. Lakini kama ina kifuniko cha chuma kilichounganishwa na waya wa ethi, kitenganishe kwanza na ukipe ethi yake, la sivyo kifuniko chote kitakuwa cha moto na kila ukikigusa kitavuma.

Kabla ya kurudisha nyuzi, chomeka kebo, fungua amplifaya kidogo, na ugongegonge kila pikapu kwa bisibisi ukipitia kila nafasi ya swichi. Mlio mkavu wa "tok" utoke pale tu unapotarajia. Ukishafunga nyuzi, mvumo usiopungua unapozigusa unamaanisha waya wa ethi wa briji umechomoka, na huo ndio unaosahaulika kuliko wote.

Kisha rudi kwenye bisibisi na vipimo vile vya mwanzo, ukianzia chini. Zisikilize kwa sauti unayopigia kweli, ukiwa na wenzako, maana pikapu inayopendeza chumbani peke yako huweza kupotea kabisa besi na ngoma zikiingia. Mpaka hapo usiwe umekata nyaya zake. Zilizozidi zikunje ndani ya shimo, kwa kuwa pikapu yenye waya mfupi muuzaji hairudishi. Zile za zamani ziandike ipi ya shingoni na ipi ya nyuma, uziweke pamoja na skrubu zake: siku ya kuliuza gitaa, mnunuzi ataziulizia.