Mgonjwa Akitunzwa Nyumbani: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Katika hospitali zetu za Uganda, ndugu ndiye anayemwogesha mgonjwa, anayemlisha, anayefua shuka zake na kulala kwenye mkeka kando ya kitanda. Kwa hiyo siku mgonjwa anaporuhusiwa kurudi nyumbani, familia nyingi huamini kwamba kazi ni ile ile na kilichobadilika ni paa tu. Nimewauguza watu majumbani mwao kwa muda wa kutosha kuyaona madhara ya imani hiyo. Wodini, hata palipojaa, kulikuwa na mtu aliyepita akatazama mgongo wa mgonjwa, akasoma chati, akauliza dozi ya saa sita imetolewa na nani. Mgonjwa anaporudi Kawempe au Arua, jicho hilo hubaki hospitalini, na viwango vya ubora na usalama ndiyo njia ya kulirudisha chumbani mwake.

Wapo wanaosema kwamba sheria za uuguzi ni za hospitali, na kwamba ndani ya nyumba yake mtu humwajiri amtakaye. Kwa kweli sheria ya Wauguzi na Wakunga ya mwaka 1996 inamtaka muuguzi asajiliwe na Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uganda na awe na leseni ambayo muda wake haujaisha, na wajibu huo haumwondoki kwa sababu anadunga sindano sebuleni badala ya wodini. Mkanganyiko huanzia kwenye mazungumzo yetu ya kila siku. Hapa Kampala daktari huitwa musawo, muuguzi huitwa musawo, muuza dawa huitwa musawo, na binti aliyesoma kozi ya miezi michache ya kuwahudumia wazee naye huitwa musawo, hadi familia inasahau kuuliza ni musawo wa namna gani. Binti huyo anaweza kuwa hodari wa kuogesha, kulisha na kumgeuza mgonjwa, na kazi hiyo ni ya heshima. Lakini kumwachia insulini au mpira wa mkojo bila kufundishwa na kusimamiwa na muuguzi ni kumhatarisha yeye pamoja na mgonjwa. Ombeni kuiona leseni, msome jina na tarehe ya mwisho. Wahudumu wa afya wa kijiji, ambao wengi wetu tunawaita VHT na ambao utaratibu wao ulianza mwaka 2001, nao ni watu wa kujitolea: wanatembelea, wanaelimisha, wanampeleka mgonjwa kituoni, wala hawakuwekwa wachukue nafasi ya muuguzi.

Dhana inayoniuma zaidi ni ile inayosema kwamba anayempenda mgonjwa hahitaji mafunzo. Niliwahi kuingia nyumba moja, nikamkuta binti akimlisha uji mama yake aliyepata kiharusi. Mama alikuwa amelala chali, na binti alimpa kijiko baada ya kijiko kwa upole ambao sijauona wodini mara nyingi. Kila baada ya vijiko viwili au vitatu mama alikohoa, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu mwenye maji kooni. Binti alidhani ni mafua. Kiharusi hudhoofisha misuli ya kumeza, chakula kikaingia njia ya hewa, na nimonia inayofuata huwaua wagonjwa ambao kiharusi chenyewe hakikuwaua. Tulisimamisha ulishaji, mama akapimwa namna anavyomeza, na alipoidhinishwa uji mzito tulimketisha wima, kidevu kikielekea kifuani, kijiko kikawa kidogo, na hakikufuata kingine mpaka mdomo uwe mtupu. Baada ya kula alibaki ameketi nusu saa. Upendo wa yule binti haukupungua wala kuongezeka siku ile. Alichopata ni maarifa.

Siku hiyo hiyo tulimgeuza mama ubavu, na juu kidogo ya makalio tukaona doa lenye ukubwa wa sarafu ya shilingi mia tano. Shangazi wa nyumba alisema kwa uchungu kwamba majirani watadhani mama haogeshwi. Wengi huamini kwamba vidonda vya kulalia vinatokana na uchafu, kumbe chanzo chake ni mgandamizo: mfupa unaibana ngozi dhidi ya godoro, damu haipiti, nyama inaanza kufa kuanzia ndani. Maelekezo mengi yanasema tafuta wekundu, na kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi. Tafuta sehemu iliyokoza weusi kuliko jirani yake, yenye joto, iliyokakamaa au inayouma ikiguswa. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza kwa kawaida hugeuzwa kila saa mbili, usiku na mchana, na visigino vyake huinuliwa kwa mto visiguse godoro. Kuisugua sehemu hiyo kwa spiriti huijeruhi zaidi, na ile pete ya nguo au ya mpira ambayo watu humkalisha mgonjwa juu yake huikata damu pande zote za kidonda.

Kuhusu glavu nitasema kwa ufupi. Hazichukui nafasi ya kunawa. Mikono inaoshwa kabla ya kumgusa mgonjwa na baada, kwa sabuni na maji yanayotiririka, hata yakiwa ya kibuyu chirizi, kwa sekunde 40 hadi 60, na glavu zilizotumika kwa mkojo haziendi kwenye kidonda. Sindano iliyotumika haifunikwi tena kifuniko chake, bali inatupwa palepale ndani ya kisanduku chake au chupa ngumu ya plastiki yenye mfuniko, kisha inarudishwa kituo cha afya. Damu ikimwagika, hupanguswa kwa Jik, ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo: yenye nguvu ya asilimia 3.5 huchanganywa sehemu moja kwa sehemu sita za maji.

Kuhusu mofini, dawa ya kutuliza maumivu makali, inabidi nikae kidogo, kwa kuwa nimewasikia wazee wakisema, "Wakileta mofini, ujue wameshakata tamaa." Uganda ina historia ya kujivunia katika jambo hili. Mwaka 1993 Dkt. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda hapa Kampala, mofini ya maji ikatengenezwa kutokana na unga na kupelekwa kwa wagonjwa majumbani mwao, na kuanzia mwaka 2004 wauguzi waliopata mafunzo maalumu ya tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mateso mgonjwa mahututi, waliruhusiwa kuwaandikia wagonjwa dawa hiyo. Dozi inayopimwa kulingana na maumivu haiharakishi kifo, na mgonjwa wa saratani anayeinywa chini ya uangalizi ni nadra kuwa mraibu wa dawa hiyo. Hufunga choo, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo huandikwa pamoja nayo. Hatari yake nyumbani ni nyingine: chupa inayofanana na ya soda mahali mtoto anapofika, ndugu anayeonja kwa ajili ya jino, kijiko cha jikoni kikitumika badala ya kipimo. Mofini za nguvu tofauti hutiwa rangi tofauti, hivyo chupa mpya ikija na rangi nyingine, ulizeni kabla ya kumpa. Mgonjwa akiwa mzito kuamka na pumzi zake zikiwa za polepole, zuieni dozi, mpigieni muuguzi simu mara moja.

Wengine hudhani ubora hununuliwa, na kwamba asiye na pesa hawezi kuupata. Lakini TASO, shirika la hapa Uganda, ilianza mwaka 1987 kuwahudumia watu wenye UKIMWI, wengi wao hawana kitu, na hata majumbani iliwafikia.

Mwisho wapo wanaoona daftari ni mambo ya ofisini. Nyumba yenye watu watatu wanaopokezana, bila maandishi, humpa mgonjwa dawa ya presha mara mbili, au haimpi kabisa, kila mmoja akiamini mwenzake ameshatoa. Yule binti sasa amelitundika daftari kwenye msumari juu ya kitanda, kalamu ikining'inia kwa uzi. Wiki iliyopita nilisoma mwandiko wa kaka yake: saa nne usiku, kushoto, saa sita, kulia, kisigino cha kulia kina joto, saa nane, kushoto, mto umewekwa.