Asidi Inayosingiziwa: Dhana Potofu Kuhusu Maumivu, Uchovu na Nguvu za Misuli

Mtu aliyeshuka Mlima Kilimanjaro hujulikana asubuhi ya pili kwa namna anavyoteremka ngazi za nyumba ya wageni mjini Moshi: anashika ukuta, anageuka upande, anatanguliza mguu mmoja na kuusubiri wa pili, na kila mapaja yanapopokea uzito wa mwili uso wake unakunjamana. Akiulizwa kulikoni, atajibu kuwa misuli imejaa asidi. Mmoja atamshauri akandwe kwa maji ya moto ili asidi itoke, na mwingine atamwambia akimbie kidogo ili aivunje. Mwanafunzi aliyerushwa kichura leo, akashindwa kuchuchumaa keshokutwa, huambiwa maneno hayohayo, pengine na mwalimu wake wa michezo.

Ukweli ni kwamba asubuhi hiyo ya pili hakuna asidi ya kutolewa. Msuli unapofanya kazi kwa kasi kubwa huvunja glukosi upesi na kuzalisha laktati, ambayo wengi huiita asidi ya laktiki. Katika damu ya mtu aliyepumzika kuna takriban milimoli 1 ya laktati kwa lita. Baada ya mbio za mita 400 zilizokimbiwa kwa nguvu zote, kiasi hicho kinaweza kupita 15. Hata hivyo, kwa muda wa saa moja hivi damu huwa imerudi karibu na hali yake ya kawaida, ilhali maumivu ya mapaja hufikia kilele kati ya saa 24 na 72 baada ya zoezi. Mshtakiwa alikwisha kuondoka kabla kosa halijatendeka.

Tena, kama laktati ingekuwa chanzo, kupanda ndiko kungeumiza zaidi, kwa kuwa ndiko kunakomtoa mtu jasho na pumzi. Lakini mapaja huumizwa na kushuka. Anayeteremka kwa njia ya Mweka kutoka kilele cha Uhuru, kilicho mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, hushuka zaidi ya mita 4,000 kwa kawaida ndani ya siku mbili, na katika kila hatua misuli ya mbele ya paja hufanya kazi ya breki: inakaza huku ikivutwa na kurefuka, mithili ya mikono ya mtu anayeteremsha ndoo nzito kisimani, iliyobana kamba na bado kamba inakwenda. Kazi ya namna hiyo huchanachana vijisehemu vidogo mno ndani ya nyuzi za misuli. Mwili huanza kuvikarabati, eneo huvimba kidogo, na neva za maumivu huwa nyepesi kushtuka. Mmarekani Theodore Hough aliandika tangu mwaka 1902 kwamba maumivu haya ya baadaye yanaelekea kutokana na michaniko, si uchovu wa kawaida. Ndiyo maana pia wapagazi, ambao mlimani huitwa wagumu, hubeba mizigo kuteremka njia ileile na kesho yake wakatembea kama kawaida, kwani msuli uliokwisha kuonja mteremko hujikinga kwa wiki kadhaa. Kukandwa kunaweza kumpa mtu nafuu, na sina ugomvi nako. Ninachokataa ni maelezo yanayoambatana nako.

Dhana hii ilitoka maabara, tena kwa chura, jambo ambalo aliyewahi kurushwa kichura ana haki ya kulicheka. Mwaka 1907, Walter Fletcher na Frederick Hopkins wa Cambridge walionyesha kwamba msuli wa chura ukichochewa mpaka ukachoka hurundika asidi ya laktiki, na ukipewa oksijeni asidi hiyo hupungua. Archibald Hill na Otto Meyerhof waliendeleza utafiti wa misuli hadi wakagawana Tuzo ya Nobel ya mwaka 1922. Vipimo vyao vilikuwa sahihi, ila msuli uliokatwa na kutengwa hauna damu ya kuihamisha laktati, kwa hiyo ilibaki palepale na kukutwa kwenye eneo la tukio. Kuanzia miaka ya 1980, George Brooks wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alieleza jinsi laktati inavyotoka kwenye nyuzi zinazoizalisha na kwenda kutumiwa na nyuzi nyingine pamoja na moyo. Nyingine huenda kwenye ini na kugeuzwa tena kuwa glukosi, mzunguko uliobainishwa na Carl na Gerty Cori. Laktati si taka, ni kuni. Ule moto unaousikia mapajani wakati zoezi lenyewe linaendelea ni jambo jingine, na humo ongezeko la asidi msulini lina mchango, ingawa huzimika muda mfupi baada ya kupumzika.

Dhana ya pili husema kwamba msuli uliochoka umeishiwa nishati kabisa, kama pikipiki iliyokauka mafuta. Nishati ambayo msuli huitumia moja kwa moja hutoka kwenye kemikali iitwayo ATP, na akiba yake hutosha sekunde chache tu za juhudi kubwa, lakini hutengenezwa upya papo hapo. Ingekwisha kweli, msuli usingelegea. Ungekakamaa, kama unavyokakamaa mwili wa maiti, kwa sababu nyuzi zinahitaji ATP hiyohiyo ili ziachiane. Katika juhudi kali ya muda mfupi, kinachopunguza nguvu ni hasa mrundikano wa fosfeti inayotokana na kuvunjika kwa kreatini fosfeti, akiba ya msuli ya kutengenezea ATP upesi, pamoja na kupungua kwa kalsiamu inayoachiliwa ndani ya msuli ili kuuamuru ujikaze. Msuli hujipunguzia kasi kabla haujafilisika. Kwa mkimbiaji wa marathoni hesabu ni nyingine: glikojeni, yaani glukosi iliyowekwa akiba mwilini, ambayo ni gramu 400 hadi 500 hivi kwenye misuli na kama 100 kwenye ini, hupungua kweli, na ikishuka sana hata mwenye moyo mgumu hulazimika kupunguza mwendo.

Wala uchovu hauishi msulini peke yake. Mwishoni mwa karne ya 19, Angelo Mosso wa Turin alipima vidole vya wahadhiri wenzake na kuona kuwa baada ya kazi ndefu ya kusikiliza mitihani ya mdomo vilichoka upesi kuliko siku nyingine, ingawa kazi hiyo ilikuwa ya kichwa. Mwaka 2004, waendesha baiskeli waliosukutua kinywa kwa maji yenye wanga na kuyatema, bila kumeza, walikwenda kasi zaidi kwa karibu asilimia 3 katika jaribio la saa moja hivi. Msuli haukupata chochote. Aliyepata habari njema ni ubongo.

Kuhusu kubanwa na misuli, wengi hukimbilia ndizi na chumvi. Kwa mchezaji aliyeanguka uwanjani dakika ya 80, dawa ya haraka ni kuunyoosha msuli uliobana, na hilo huelekeza lawama kwenye neva za msuli uliochoka zaidi kuliko kwenye upungufu wa madini. Madini ya ndizi hayafiki damuni kwa dakika moja.

Nguvu nazo huchanganywa na kasi. Anayesukuma mkokoteni uliokwama kwenye tope anatumia nguvu nyingi sana, lakini maadamu gurudumu halijasogea, kwa hesabu ya fizikia pawa yake ni sifuri, kwa kuwa pawa ni nguvu mara kasi. Hill alionyesha mwaka 1938 kwamba kadiri msuli unavyojifupisha haraka ndivyo nguvu yake inavyopungua, na pawa ya juu hupatikana takriban kwenye theluthi ya kasi yake ya mwisho. Mtu husema Usain Bolt alikuwa akiongeza kasi karibu na utepe. Mjini Berlin mwaka 2009, alipokimbia mita 100 kwa sekunde 9.58, mita 20 za mwisho zilimchukua sekunde 1.66, ilhali 20 zilizotangulia zilimchukua 1.61. Alikuwa anapungua, ila wenzake walipungua zaidi.

Imebaki dhana kwamba nguvu ni ukubwa wa msuli, na kwamba mzee amekwisha kupitwa na yote mawili. Mwaka 1990, kikundi kidogo cha wakazi wa makao ya wazee huko Boston, wenye umri wa miaka 90 hivi, walifanyishwa mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu kwa wiki 8. Nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, huku ukubwa wa misuli ya mapaja ukiongezeka kwa asilimia 9 tu. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni kazi ya neva zilizojifunza kuamsha nyuzi nyingi zaidi kwa pamoja. Wiki 4 baada ya kuacha mazoezi, walikuwa wamepoteza asilimia 32 ya nguvu waliyokuwa wameifikia.