Je, wajua kwa nini gari lililotolewa thamostati hufeli kipimo cha moshi?

Injini ikichemka mara moja tu kwenye barabara ya Masasi, ushauri utakaousikia gereji nyingi za Mtwara ni huu: "Toa thamostati. Huku kwetu joto, haina kazi." Ushauri huo unaharibu magari mazima, na inaniuma kila nikiusikia.

Mchana Mtwara joto ni kama nyuzi 30. Injini ya petroli inataka maji yake yafike karibu nyuzi 90, na jua letu haliwezi kulifidia pengo hilo. Thamostati ni kilango kidogo chenye nta ndani. Huyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Hapo nta huyeyuka, ikatanuka na kusukuma mlango.

Kilango kikitolewa, maji yanapoozwa tangu unapowasha. Sensa ya joto inaiambia kompyuta ya gari kuwa injini bado ya baridi, nayo inaongeza petroli, kama enzi za kuvuta choki, ile ya kuongeza petroli injini ikiwa baridi. Mchanganyiko sahihi ni takribani kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Petroli ikizidi haiungui yote, inatoka eksozi kama haidrokaboni na kaboni monoksaidi. Masega, yaani kichujio cha kusafisha moshi kilicho kwenye eksozi, ndiyo yangeisafisha, lakini nayo huanza kazi yakishafika nyuzi 250 hadi 300, tena yanahitaji oksijeni, ambayo petroli hiyo nyingi imeshaimaliza. Uingereza, kwa gari lenye masega, ukomo wa kawaida wa kaboni monoksaidi ni asilimia 0.2 injini ikikanyagwa na 0.3 isipokanyagwa. Gari linalonyweshwa petroli hivyo halipiti.

Jirani yangu wa Shangani ana Corolla ya zamani iliyokuwa ikila mafuta na kunuka petroli. Tulichomoa plagi: nyeusi, kavu, masizi yakabaki kidoleni. Alikuwa ameshaambiwa anunue masega mapya. Tulianza na kitu rahisi zaidi. Asubuhi, injini ikiwa baridi, tuliwasha na kushika mpira wa juu wa rejeta. Thamostati ikiwepo, mpira hubaki baridi kwa dakika kadhaa, halafu unapata moto ghafla. Wake ulipasha polepole tangu mwanzo. Hakukuwa na kitu ndani.

Kabla ya kufunga mpya, ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni, isiguse chini. Ikiwa imeandikwa 82, itaanza kufunguka maji yakiwa karibu na nyuzi hizo. Na kama gari lilikuwa linachemka kweli, tafuta chanzo: rejeta iliyoziba kwa maji ya kisima, feni, au mfuniko wa rejeta uliolegea.

Yeye alifunga mpya, akaenda Mikindani na kurudi kila siku kwa wiki mbili. Tulipochomoa plagi tena, zilikuwa za kahawia hafifu.