Falsafa ya historia: umejuaje yaliyopita?

Novemba 1914, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, jeshi la Uingereza, wengi wao askari kutoka India, liliteremka Tanga kuuteka mji, uliokuwa chini ya utawala wa Wajerumani. Jeshi la Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, ambalo wengi wake walikuwa askari Waafrika, lilikuwa dogo zaidi, lakini likashinda. Katikati ya mapigano nyuki walitoka kwenye mizinga iliyotundikwa mitini, wakawavamia watu. Hadi hapo hakuna anayebisha.

Ubishi ni huu: nani aliwatoa? Kwa Waingereza ulienea uvumi kwamba Wajerumani waliitega mizinga ile kwa nyaya. Lakini nyuki wale waliwauma Wajerumani pia, na risasi zinazopasua matawi zatosha kuwachokoza. Aliyewahi kurusha jiwe kwenye mzinga wa nyuki hahitaji maelezo zaidi.

Mwanahistoria anauliza nini kilitokea Tanga. Falsafa ya historia inamgeukia yeye mwenyewe: umejuaje? Mwanahistoria Mjerumani Leopold von Ranke aliandika mwaka 1824 kwamba anataka tu kuonyesha mambo yalivyokuwa hasa. Ni lengo zuri, ila tukio likishapita halirudiwi kama jaribio la maabara. Tunabakiwa na barua, ripoti, makaburi na masimulizi ya wazee, na kila kimoja kina mwenyewe. Aliyeshindwa vita ana sababu ya kuwasingizia nyuki. Mwanahistoria naye huchagua aanzie wapi na amsikilize nani.

Wapo wanaosema basi kila mtu na historia yake. Nakataa kabisa. Habari ya mitego imeonekana dhaifu kwa sababu imepimwa: nani alikuwepo, aliandika lini, alinufaika nini kusema hivyo, na upande wa pili unasemaje? Maelezo yanayostahimili maswali hayo ndiyo tunayoyaita ukweli wa historia, hata kama kesho itapatikana barua ya kuyarekebisha.

Kinachoniuma zaidi ni ukimya. Habari nyingi za siku zile ziliandikwa na maofisa, kwa Kiingereza na Kijerumani. Mama wa Tanga aliyemfunga mtoto mgongoni akakimbilia mashambani si mtu ambaye maofisa hao wangemfuata na kalamu. Majina ya makamanda tunayo, na vyeo vyao. Yeye vita vile, jioni ile, akiwa amejificha na mwanawe, aliviitaje?