Mada ya msimu katika chekechea: maana yake na namna ya kuipanga

Mada ya msimu ni utaratibu wa kufundisha watoto wadogo ambapo mwalimu huchagua jambo moja linalotokea wakati huo katika mazingira yao, iwe ni mvua, upepo, matunda au sikukuu, kisha shughuli za wiki moja au mbili zikalizunguka jambo hilo. Watoto wakihesabu, wanahesabu kitu cha mada. Wakiimba, wimbo ni wa mada. Wakichora au wakisimuliana, mada ni ile ile. Malengo yanabaki yale yale ya mtaala. Kinachobadilika ni kwamba mtoto hayapati vipande vipande.

Kwa mtoto wa miaka minne au mitano jambo hili lina uzito. Ukimwambia sasa ni hisabati na baadaye ni mazingira, kwake hayo ni maneno ya wakubwa. Yeye anajua embe. Anajua lina harufu, lina rangi, linachafua nguo, mama hulinunua soko la Kongowea na jirani ana mti wake. Hisabati, lugha na mazingira vyote vimo mle ndani, na kazi ya mwalimu ni kuvitoa.

Mtaala wa umilisi (CBC), ulioanza kutumika rasmi Kenya nzima mwaka 2019 kwa madarasa ya awali na ya chini, unagawa kazi ya PP1 na PP2, yaani miaka miwili ya chekechea kabla ya darasa la kwanza, katika shughuli za lugha, hisabati, mazingira, ubunifu na dini. Kila kipindi ni nusu saa. Bila mada, asubuhi ya mtoto hukatikakatika: nusu saa ya herufi, nusu saa ya namba, nusu saa ya wimbo, na hakuna kimoja kinachomkumbusha kingine.

Sasa tuje kwenye msimu wenyewe, maana hapa ndipo panapoharibika zaidi. Chati nyingi za kununua zina picha za misimu minne: theluji, maua, jua, majani mekundu yanayodondoka. Hiyo ni misimu ya Ulaya na Marekani ya kaskazini. Mombasa iko kama digrii nne kusini mwa ikweta. Urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima, na mti haupukutishi majani eti kwa sababu ni Oktoba. Mtoto wa Likoni akifundishwa kubandika pamba kwenye karatasi iwe theluji, amejifunza kubandika pamba, basi. Hana cha kwenda kukiangalia nje, na nyumbani hakuna wa kumweleza zaidi.

Pwani misimu hujulikana kwa upepo na mvua. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi: jua kali, bahari tulivu zaidi, wavuvi wanafika mbali. Machi kwa kawaida ndio mwezi wa joto kuliko yote. Kisha masika, na Mei ndio mwezi ambao mvua humwagika zaidi. Kusi, upepo wa kutoka kusini, hushika papo hapo hadi Septemba. Julai na Agosti hewa hupoa, mawimbi hukua, na vyombo vidogo hukaa ndani ya mwamba. Oktoba upepo hutulia, ndiyo matlai, halafu mvua za vuli zinaingia. Ukiiweka kalenda hii juu ya mihula mitatu ya shule, inakaa vizuri ajabu: muhula wa kwanza ni wa kaskazi na maembe, wa pili ni wa masika na kusi, wa tatu unaanza kusi ikiishia na kufungwa vuli ikiingia. Mwalimu anayeandika azimio la kazi anaweza kuanzia hapo hapo.

Chukua maembe, mada ya Januari. Jumatatu mwalimu anakuja na kikapu kilichofunikwa leso. Mtoto anaingiza mkono, anapapasa, anasema anachohisi kabla ya kuona: ni laini, ni gumu, lina ncha. Hiyo ni lugha, na ni lugha ambayo haitoki kwenye kitabu. Kisha kikapu kinafunuliwa na maembe yanapangwa: ngowe huku, boribo kule, dodo kule. Watoto wengi wa hapa watayataja majina kabla ya mwalimu. Kupanga kwa aina, kwa ukubwa, kwa rangi, huo ndio msingi wa hisabati wa umri huu, na unatangulia kuandika tarakimu.

Jumanne wanaonja, bichi kwa chumvi kidogo na bivu tupu, na wanajifunza kutofautisha chachu na tamu. Hapa kuna tahadhari ambayo haifai kupuuzwa. Kisu ni cha mwalimu peke yake. Utomvu unaotoka kwenye kikonyo huunguza ngozi ya midomo ya baadhi ya watoto, kwa hiyo embe lioshwe vizuri, limenywe, na wazazi waulizwe mapema kama kuna mtoto ambaye vyakula fulani humdhuru. Jumatano ni kura: kila mtoto anaweka kizibo cha soda mbele ya picha ya embe alipendalo, vizibo vinapangwa mstari, na mstari mrefu unaonekana kwa macho. Mtoto wa miaka mitano amechora grafu bila kuambiwa ni grafu. Alhamisi makokwa yanaoshwa na kuanikwa, Ijumaa yanapandwa kwenye mikebe.

Kokwa la embe halioti kwa wiki moja. Huchukua wiki mbili, tatu, pengine zaidi, na mengine huoza. Hilo ni faida kubwa. Mikebe inabaki kwenye kona ya mazingira, watoto wanamwagilia kwa zamu, na mada iliyokwisha kwenye maandalio ya somo inaendelea kuishi hadi Februari. Friedrich Froebel, aliyeanzisha chekechea ya kwanza Ujerumani mwaka 1837, alisisitiza kila mtoto awe na kijibustani chake cha kupanda na kutunza. Mkebe wa maziwa unatosha kabisa pale shule isipokuwa na uwanja, na za namna hiyo ni nyingi mjini.

Mvua za masika zinahitaji maandalizi ya mapema zaidi, kwa sababu hazisubiri. Chupa ya plastiki iliyokatwa shingo na kuwekwa uani ni kipimo cha mvua. Usihangaike na milimita. Kila asubuhi mtoto mmoja anaweka alama ya maji yalipofika, na ukanda wa karatasi wa urefu ule ule unabandikwa ukutani. Baada ya wiki mbili ukuta wenyewe unasema siku gani ilinyesha sana. Masika pia huleta jongoo, na sijaona darasa ambalo jongoo hakuwafurahisha watoto. Haumi, ila hutoa majimaji yanayowasha na kuacha madoa, basi wamwangalie kwenye sinia, wahesabu pingili, wasimshike, na mikono ioshwe. Mbu na maji yaliyotuama yaingizwe humo humo. Mtoto anayezunguka na mwalimu kutafuta makopo yenye maji uani anaelewa usafi kuliko anayeimbishwa kanuni zake.

Kusi ni ya tiara na vititia vya makuti. Ni mada ya mwili, ya kukimbia na kushika uzi, na ipangiwe uwanja wa wazi mbali na barabara na nyaya za umeme. Ikiwa kuna babu mvuvi mtaani, mwalikeni aeleze kwa nini samaki hupanda bei bahari ikichafuka.

Sikukuu nazo ni msimu, lakini hazina mwezi mmoja. Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, hivyo mada uliyoiweka Machi mwaka huu haitakaa hapo baada ya miaka mitatu. Darasa la Mombasa pia lina watoto wa dini zaidi ya moja. Shughuli ninayoipenda ni ya mwezi: kila jioni mtoto auangalie nyumbani, asubuhi achore alivyouona, tangu hilali nyembamba hadi unapotimia. Waislamu wataihusisha na kufunga na Idd, wengine watajifunza umbo na mpangilio, na wote wataangalia mwezi mmoja. Diwali huangukia Oktoba au Novemba na inaweza kuingia kwenye mada ya mwanga.

Kupanga kwenyewe kunaanza nyuma. Watu huanza na mapambo: wakate maembe ya karatasi, wapambe ukuta, kisha wajiulize watafundisha nini. Anza na umilisi unaotakiwa wiki hiyo, kwa mfano kuhesabu hadi tano au kutambua sauti /m/, kisha uulize msimu unakupa kitu gani cha kuufundishia. Shughuli ambayo haimfikishi mtoto popote iachwe, hata ikiwa inapendeza. Na kila mada iwe na kitu halisi cha kushika angalau kimoja. Picha peke yake haitoshi umri huu.

Gharama si kizuizi. Mpango wa chekechea za Madrasa, ulioanzia Mombasa miaka ya 1980 kwa msaada wa Aga Khan Foundation, ulijenga kazi yake juu ya vifaa vya papa hapa, na walimu wake wakafundishwa kutengeneza zana wenyewe. Vifuu, makuti, kombe za pwani, vizibo, mikebe, vitambaa vya leso: hivyo vinatosheleza mwaka mzima. Vichemshwe au vioshwe, na vile vidogo vinavyoweza kumkaba mtoto viondolewe.

Mwisho wa mada, usitoe mtihani. Weka daftari moja, na kwa kila mtoto andika mstari mmoja wa alichofanya: alipanga kwa ukubwa bila kusaidiwa, alitumia neno "chachu", alikataa kugusa udongo siku ya kwanza akagusa ya tatu. Pembeni andika pia tarehe embe la kwanza lilipofika sokoni na siku mvua kubwa ilipoanza, kwa sababu mwakani utakapopanga, misimu itakuwa imesogea kidogo na utahitaji kujua kwa kiasi gani.