Bangi ikikamatwa kijijini: yanayosemwa na ukweli wake

Huku Sikonge na Kaliua, mkoani Tabora, wengi wanaamini kuwa gunia la bangi likishaonekana, kesi imekwisha. Ukweli ni kwamba kazi ndiyo kwanza inaanza. Askari wakipekua nyumba wanatakiwa wawe na shahidi huru, asiye askari wala ndugu wa mtuhumiwa; kijijini mara nyingi huwa mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji. Kilichokutwa kinaandikwa kwenye hati ya kukamata mali palepale: ni nini, kiasi gani, kilikuwa wapi, uvunguni au ghalani nyuma ya marobota ya tumbaku. Mtuhumiwa anasaini, shahidi anasaini. Kisha kielelezo kinafungwa, kinapigwa lakiri, kinakabidhiwa kwa mtunza vielelezo, na sampuli inakwenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Kila aliyekipokea lazima ajulikane. Asipojulikana mmoja tu, wakili wa utetezi atauliza: mnajuaje kuwa majani haya ndiyo yale?

Ndiyo maana inaniuma nikisikia mtu anamwambia mwenyekiti, "Usisaini, utajitia kwenye kesi." Anayesaini anathibitisha alichokiona kwa macho yake, basi. Ila asome kwanza. Karatasi ikisema magunia matatu naye kaona mawili, akatae. Hapo atakuwa amemlinda mtuhumiwa asibambikiwe, na ameilinda kesi pia. Viongozi wetu hawajaelezwa vya kutosha kuhusu nguvu hii, wala kwamba miezi kadhaa baadaye wataitwa mahakamani, pengine katikati ya palizi, na wasipotokea upande wa mashtaka unapwaya.

Wengine wanadhani Sungusungu wanaruhusiwa kumchapa mtu mpaka akiri. Jeshi hili la jadi lilizaliwa Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, likipambana na wezi wa ng'ombe, na njia za porini wanazijua kuliko askari mgeni yeyote. Msaada wao ni mkubwa. Lakini maungamo ya viboko hayasimami mahakamani. Wamzuie mtu, walinde eneo, wapige simu, mzigo wasiuguse.

Mche mmoja wa bangi, eti ni "dawa ya kuku"? Ni kosa. Mirungi? Kenya ni halali, hapa Tanzania imekatazwa na Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, sheria ileile iliyoanzisha Mamlaka ya kupambana na dawa hizo.

Na wapo wanaosema mwenye shamba hahusiki, aliyepanda ndiye mwenye kesi. Sheria inamgusa pia anayeruhusu ardhi yake ilimwe bangi. Kwa hiyo ukikodisha ekari zako, nenda ukazikague, na uingie mpaka katikati, kwa sababu mahindi ya pembeni ndiyo yanayoficha. Ukikuta kitu, usikate wala kuchoma mwenyewe. Piga 119, namba ya Mamlaka, ni bure. Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi, nayo ya 2015, ipo kwa ajili yako.