Dhana potofu kuhusu kuni za kuletewa nyumbani Minneapolis

Mtu aliyehamia Minneapolis kutoka Njombe au Limuru huwa haoni kwamba anahitaji kufundishwa habari za kuni, kwa kuwa amezitafuta, amezichanja, na amezipuliza hadi macho yakatoka machozi zilipogoma kuwaka wakati wa masika. Hata hivyo, katika jiji ambalo wastani wa halijoto ya Januari ni takriban nyuzi 9 za Selsiasi chini ya sifuri, na ambako kuni huagizwa kwa simu zikamwagwa mbele ya gereji, ujuzi huo haumkingi na maneno ambayo wauzaji na majirani huyarudia kila msimu.

Dhana inayowagharimu watu fedha nyingi zaidi ni kwamba kordi ni pikapu moja iliyojaa. Kordi ni kipimo cha ujazo: ni kuni zilizopangwa vizuri kwa urefu wa futi 8, kimo cha futi 4 na kina cha futi 4, yaani futi za ujazo 128 pamoja na magome na hewa iliyo katikati ya vipande. Sheria ya Minnesota, jimbo lenye jiji hili, imeingia ndani zaidi, kwani kwa kuni zilizokatwa na kuchanjwa inahesabu kordi kuwa futi za ujazo 120 zikipangwa, na 175 zikiwa zimetupwa ovyo garini, kwa sababu kuni zisizopangwa huacha mapengo makubwa. Pikapu yenye bodi ya futi 8 huchukua takriban nusu kordi, tena mpaka zipangwe. Kuna pia kile ambacho wauzaji hukiita kordi ya uso, ambacho urefu na kimo chake ni sawa na vya kordi kamili lakini kina chake ni urefu wa kipande kimoja tu, mara nyingi inchi 16, hivyo ni theluthi ya kordi kamili.

Katika majira yangu ya kwanza ya baridi nililipia kordi nzima jioni, giza likiwa limeshaingia. Dereva alimwaga mzigo, ukainuka kama kichuguu, nami nikaridhika. Kesho yake nilizipanga ukutani, nikachukua futikamba, nikapata futi 8 kwa futi 4 kasoro, na kina cha inchi 16. Nilipompigia muuzaji, alinijibu kwa upole kwamba hapa mjini kila mtu huuita mzigo kama huo kordi. Tangu siku hiyo huuliza vipimo vitatu kabla ya kuuliza bei.

Dhana ya pili ni kwamba kuni zilizokatwa mwaka jana ni kavu. Kuni nzuri za kuchomea ndani huwa na unyevu usiozidi asilimia 20, na muda wa kufikia hapo hutegemea aina ya mti na namna zilivyohifadhiwa: betula iliyochanjwa mapema inaweza kukauka katika kiangazi kimoja, ilhali mwaloni huweza kuhitaji miaka miwili. Gogo ambalo halijachanjwa hukauka polepole sana, kwa kuwa gome huzuia maji yasitoke, kwa hiyo tarehe ya kukatwa mti haina maana kubwa kama tarehe ya kuchanjwa. Wengine huamini kwamba baridi kali imezikausha, lakini kuni zilizoganda zina maji yaleyale katika umbo la barafu, na kwa kuwa barafu haipitishi umeme vizuri, kipima unyevu cha sindano husoma chini ya hali halisi. Ingiza vipande viwili ndani, viache siku nzima viyeyuke, kisha uchane kimoja na upime sehemu mpya ya katikati; ukipima ncha utajidanganya, kwani ncha hukauka kwanza.

Msonobari nao umesingiziwa kwamba unajaza dohani lami na kusababisha moto. Lami hiyo hutokana na moshi ambao haukuungua ukagandamana kwenye kuta baridi za dohani, na moshi wa namna hiyo hutolewa na kuni mbichi za mti wowote au moto ulionyimwa hewa, kiasi kwamba mwaloni mbichi ni hatari kuliko msonobari mkavu. Kilo kwa kilo, joto la miti hii miwili ikiwa mikavu linakaribiana. Tofauti iko kwenye uzito, kwani kordi ya mwaloni mwekundu mkavu ni takriban tani 1.6 na ya msonobari mweupe ni takriban tani 1, na bei inapaswa kuifuata tofauti hiyo.

Dohani lenyewe lisafishwe kila mwaka, iwe ni mwaloni au msonobari.

Iko pia dhana kwamba kuni za mbali zina unafuu, na kwamba baridi imeshaua wadudu wote. Mbawakawa wa kijani anayeua miti ya eshi aligunduliwa karibu na Detroit mwaka 2002, akaonekana St. Paul, jiji jirani, mwaka 2009, na mabuu yake hukaa chini ya gome, ambako hata nyuzi 30 chini ya sifuri huua wengi lakini si wote. Mbawakawa mwenyewe haruki mbali sana. Anayemsafirisha ni mwenye gari la kuni. Eshi iliyokatwa hapahapa jijini ni kuni nzuri na haina ubaya ikichomwa hapahapa, lakini usiibebe kwenda nayo kambini kaskazini. Ukitaka kuni za safari, nunua zilizopitishwa kwenye joto la nyuzi 60 kwa saa nzima, zenye lebo ya kuthibitisha hivyo kwenye kifurushi.